Divai Kwenye Kabati la Taulo

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, ile mvua ya hapa ambayo huisikii ikikulowesha mpaka uvue soksi. Upepo kidogo. Mawingu yamekaa chini, juu ya mapaa kabisa.

Leo nimeshinda kwa Mama, mtaa wa Bordesley Green, hapa Birmingham. Fundi alikuwa anakuja kung'oa tangi la maji moto na kuweka boila mpya, mashine ya kuchemsha maji bila tangi, na Mama hapendi kubaki na fundi peke yake. Anasema mafundi wanauliza maswali mengi kuliko daktari. Basi nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi kutoka kwangu Acocks Green nikiwa nimebeba mkate na maziwa, maana nilijua atasema maziwa yapo na hayatakuwepo.

Kabla sijaendelea niseme jambo moja. Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiacha mapema nikaingia kazi ya kutunza wazee, kama Mama, na Kiingereza changu ni cha kazini. Hili si la kazini, ndiyo maana naliandika kwa Kiswahili, na mkiona nimekosea mahali mnisamehe. Tena nitajitahidi nisimwonee mtu. Baba yangu hayupo hapa kujitetea, mzee Anselmo naye hayupo, na Mama yupo lakini hatasoma.

Fundi anaitwa Harjit, kijana mwenye kilemba cha buluu. Bibi yake alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake chote alikipata jikoni kwa huyo bibi, kwa hiyo anajua kuomba chai, kuomba chumvi, na maneno ya kugombeza watoto. Mama alimpenda mara moja. Harjit alikuwa juu, akitoa taulo kwenye kabati la tangi ili apate nafasi ya kufanyia kazi. Kwa nyinyi mlio nyumbani, nyumba nyingi za zamani za huku zina kabati ghorofani ambamo tangi la maji moto linakaa, na juu yake kuna rafu za mbao za kuwekea taulo na shuka zipate joto. Humo hamna dirisha wala taa. Ni mahali pekee katika nyumba pasipojua kwamba nje ni Januari.

"Mama!" Harjit aliita. "Mama, kuja ona! Nani napika pombe huku?"

Mama alikuwa anasuuza kikombe. Akafunga mfereji. "Ee Bwana," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka ameacha mlango wazi.

Harufu ilishuka ngazi kabla mimi sijapanda. Sijui niielezeje. Zambarau zilizopikwa zikasahauliwa motoni, siki kidogo, na ngozi ya kiatu kipya kilicholowa. Nilishika ukuta. Nilikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi, na papo hapo nikawa na miaka kumi.

Ndio umri niliofika nao Birmingham. Mama alikuwa ametangulia, akanileta mimi, na Baba akabaki Nakuru. Alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli ya watalii, na mkataba wake ulikuwa haujaisha. Akiondoka kabla, angekosa kiinua mgongo. Angemaliza, angetufuata, tungekuwa watatu tena. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na mpaka leo naamini kwamba siku nilipoambiwa ilikuwa kweli.

Katika nyumba iliyoshikana na yetu aliishi mzee Anselmo, mtu wa Chile. Alikimbia kwao wakati wanajeshi walipoichukua nchi, zamani kabla sijazaliwa, akafanya kazi katika kiwanda cha magari hapa mjini mpaka akastaafu, na mkewe akafia hapa hapa. Mama akiwa na zamu ya mchana kule nyumba ya wazee, mimi nilikaa kwa mzee kuanzia shule ilipofunga mpaka arudi. Kiingereza chake kilichechemea kama changu, ingawa si mguu uleule, kwa hiyo hatukuoneana haya. Jioni alikata mkate, akaponda parachichi kwa uma, akanyunyiza chumvi, akanipa na chai. Mkate na ovakado! Nilimwambia Mama yule mzee lazima ana watu wake Nakuru, anaficha tu.

Kila Krismasi mpwa wake, aliyekuwa akiangalia mapipa katika shamba moja la mizabibu huko kwao, alimtumia chupa mbili za divai nyekundu. Hazikuwa divai za duka la kona. Chupa yenyewe ilikuwa nzito, kioo cheusi, na lebo ndogo nyeupe isiyojitangaza, kama mtu mwenye mali zake. Ndani, mzee alisema, kulikuwa na zabibu za aina tatu. Kila aina ilichumwa kwa wakati wake, ikakamuliwa peke yake, ikalazwa katika mapipa yake ya mti wa mwaloni, ndipo mtu mmoja mwenye ulimi akaonja, akafikiri, akazifungisha ndoa.

"Cabernet ndiyo mifupa," alisema, akigonga meza. "Syrah ndiyo damu. Na hii ya tatu, Carménère..." Akasita. "Hii ndiyo hadithi."

Alinihadithia akitumia makombo ya mkate. Kombo hili ni Ufaransa, hili ni Chile, kisu ni bahari. Zamani mzabibu huo ulikuwa wa Ufaransa. Watu wa Chile walikwenda kuchukua vijiti vyake, pamoja na vya aina nyingine, wakavipanda kwao. Baadaye akaja mdudu Ufaransa, mdogo kuliko chawa, akala mizizi ya mizabibu nchi nzima. Walipopanda upya, huu hawakuurudisha. Ulikuwa na shida zake, unachelewa kuiva. Waliokuwa wanaujua wakazeeka. Kwao wakasema basi, umekwisha, haupo tena duniani.

Kumbe Chile mdudu hakufika, maana upande mmoja kuna milima ya theluji, upande wa pili bahari, juu jangwa, chini barafu. Mzabibu ulikuwa hai, unazaa kila mwaka, ila umesimama katikati ya mizabibu ya aina nyingine iitwayo Merlot, na watu wote wakauita Merlot. Mzee mwenyewe aliuchuma akiwa kijana na kuuita Merlot. Walishangaa tu kwamba Merlot nyingine hazina haraka ya kuiva, na ukizichuma pamoja na zilizoiva divai inakuja na ladha ya pilipili hoho.

"Kisha akaja mtaalamu kutoka Ufaransa, si zamani sana," mzee alisema, akitembeza vidole viwili juu ya meza kama mtu anayekagua shamba. "Akashika jani. Akatazama ua. Akasimama." Vidole vikasimama. "Akasema, huyu si Merlot. Huyu ni yule wetu tuliyemlilia."

"Na mzabibu ulisikiaje?" nikamwuliza.

Alicheka mpaka parachichi likampalia. "Mzabibu haukupotea, mtoto. Wenyewe ulijua uko wapi. Waliopoteza ni wao."

Mwaka huo daktari alikuwa amemkataza kunywa. Chupa moja akaiweka akiitazama tu. Ya pili alimpa Mama juu ya ukuta mfupi uliotutenganisha kule mbele, akiwa ameiviringisha kwa gazeti. "Hii haifunguliwi na mtu mmoja," alimwambia. "Mumeo akifika, muwe mezani wote watatu, ndipo mfungue. Mpaka wakati huo iwekeni pale mnapoweka viazi."

Sasa, kanisa letu halinywi. Si kwamba wananywa kidogo kwa siri, hawanywi. Hata kwenye Meza ya Bwana tulipewa juisi ya zabibu. Mama alishika chupa ile kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe. Kuikataa zawadi ya mzee anayemwangalia mtoto wako bila kuomba chochote, haiwezekani. Kuimwaga, haiwezekani. Akasimama jikoni na koti lake bado mwilini, akatoa uamuzi: "Si yetu hii. Ni ya Baba Neema. Mimi ni mlinzi."

Viazi tulikuwa tunaweka kwenye kabati la chini ya ngazi. Lakini humo ndimo kulikuwa na viti vya kukunja vya ushirika, maana kina mama wa kanisa walikuwa wakikutana nyumba kwa nyumba, na zamu yetu ikifika kina mama hao wanaingia, wanavua viatu, wanatawanyika kutafuta viti, sufuria, vikombe na habari. Mama Wanjiru peke yake angeweza kufungua kila mlango wa nyumba akitafuta mwiko. Kwa hiyo chupa ikakaa siku kadhaa juu ya friji, ndani ya mfuko wa unga, ikijifanya unga.

Jumapili Baba alipiga simu. Nyinyi mliokulia nje mtakumbuka simu za Jumapili, spika imefunguliwa wote wasikie, jinsi kila mtu anavyosimama karibu na meza kama anangoja kupigwa picha. Nilimwambia habari za chupa hata kabla ya salamu kwisha, na sauti yake ikabadilika. Ikawa sauti ya kazini.

"Igeuze uangalie chini. Kuna shimo?"

"Liko, Baba."

"Tia dole gumba. Linaingia?"

"Lote, mpaka mwisho."

"Eh! Mama Neema, hiyo ni ya ile meza ya dirishani. Hiyo wengine tunaisoma tu kwenye menyu na kufunga menyu." Nikasikia anafurahi. (Mzee Anselmo baadaye aliniambia shimo ni kioo tu, halisemi kitu kuhusu divai. Naandika yote mawili.) "Mmeiweka wapi?"

"Juu ya friji, ndani ya mfuko wa unga," nikasema.

"Ai! Ilazeni. Ikisimama kizibo kinakauka. Mahali pa giza, pasipotikisika. Na isikae kwa baridi, mnasikia? Waini nyekundu haiwekwi kwa friji, hilo ndilo la kwanza tulifundishwa. Na huko kwenu, mama, nchi nzima si ni friji?"

Tulicheka sote watatu kwa wakati mmoja. Sikumbuki tukifanya hivyo tena.

Ndipo Mama alipofikiria kabati la taulo. Giza, lipo. Utulivu, upo. Baridi haiingii hata theluji ianguke, na Mama Wanjiru hapandi ghorofani kwa sababu ya magoti. Mama alitandika taulo mbili nene kwenye rafu ya chini, juu kidogo tu ya tangi, akailaza chupa katikati, akaifunika na ya tatu. Sitaki mseme Baba hakujua kazi yake. Alijua. Ila yeye alikuwa Nakuru, na Nakuru mahali pa giza ni mahali pa ubaridi. Hakuwahi kuona nyumba yenye shimo la joto katikati. Na sitaki mseme Mama alifanya ujinga. Alisikia baridi ndiyo adui, na baridi alikuwa anaijua. Alikuwa anatoka nayo kazini kila siku kwenye vidole.

Toka hapo Jumapili zikawa za mafunzo. Mama akiingia jikoni, Baba ananifundisha kufungua divai kwa simu. Nilifanyia mazoezi chupa ya juisi, na kitambaa cha vyombo nimekiweka mkononi.

"Onyesha lebo kwanza. Mwenye meza aisome, hata kama hajui kusoma. Kata karatasi ya shingoni chini ya ukingo, si juu. Kizibuo kiingie katikati. Vuta polepole, isipige kelele. Ikipiga kelele ni kama umepiga chafya juu ya sahani ya mgeni."

"Kisha nimimine."

"Kidogo! Kidogo tu, halafu ungoje. Mwenye meza anuse, aonje, aseme ndiyo. Kazi yote iko kwa kungoja, mama. Kumimina hata punda angemimina."

"Na siku hiyo mwenye meza atakuwa nani?"

"Si mimi?" akasema. "Miaka yote nimesimama. Siku moja na mimi nikae."

Angekuja Pasaka. Mama alipaka rangi chumba cha kulala, akanunua koti la kiume la pamba nzito, akalitundika nyuma ya mlango ili lizoee nyumba. Pasaka ilipokaribia, nyanya, mama yake Baba, akaugua. Hilo lilikuwa kweli. Aliugua, na akafa, na Baba ndiye aliyemzika. Ikawa Agosti. Agosti hoteli ikamwomba aendelee kidogo, kulikuwa na wageni wengi. Hilo sina njia ya kujua. Ikawa Krismasi. Kila Jumamosi, Mama akiwa zamu, nilipanda juu, nikapenyeza mkono kati ya taulo, nikaigusa chupa. Ilikuwa na joto zuri, kama mgongo wa paka. Na kila Jumapili Baba aliuliza, na mimi nikajibu vilevile.

"Iko salama?"

"Iko salama, Baba. Ina joto."

"Vizuri sana."

Mzee Anselmo alichukuliwa na binti yake kwenda kuishi kaskazini, mbali. Siku ya kuondoka alinibusu kichwani akauliza kama chupa ipo. Nilisema ipo, inamngoja Baba. Hakuuliza tunaiweka wapi, aliamini viazi. Pengine angeuliza tungeokoka, lakini mzee alikuwa anahama nyumba aliyofiwa na mke, siwezi kumdai na hilo.

Sasa nafika mahali ambapo mkono wangu hautaki.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, nimeshafika miaka kumi na miwili. Simu za Baba zilikuwa zimeanza kuwa fupi, tena si kila wiki. Nilikuwa peke yangu mezani, Mama anachambua mchele jikoni. Baba alikuwa ananiuliza habari za shule, na nyuma yake nikasikia vyombo, redio, na sauti ya mwanamke, sauti nzuri tu, isiyo na ubaya wowote:

"Baba Brian! Chai inapoa!"

Na Baba, akiwa ameondoa mdomo kwenye simu, akasema, "Nakuja."

Mnajua kwetu mtu mzima haitwi jina lake. Ukizaa, unaitwa kwa mtoto wako. Mimi ndiye niliyempa Baba jina lake. Toka nizaliwe, mtaa mzima ulimwita Baba Neema, hata hotelini. Nikamwuliza, "Baba, nani ni Baba Brian?"

Nilisikia redio ikitaja saa. "Ah, ni majirani hapa," akasema. "Wananiita tu hivyo."

Nami nikaelewa! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, jinsi nilivyoelewa upesi na jinsi nilivyofurahi. Nilijiona nimeshika jani na kuligeuza. Baba amesimama kati ya watu wengine, wanamwita jina lisilo lake, na yeye hana la kufanya. Wamemchanganya tu. Siku moja atapita mtu anayejua, atamtazama vizuri, atasema, jamani, huyu si Baba Brian, huyu ni Baba Neema. Nilikata simu nikakimbia jikoni.

"Mama! Huko Nakuru wanamchanganya Baba! Kuna mama mmoja anamwita Baba Brian, na Baba anaitika!" Nilikuwa nacheka. "Kama ile zabibu ya mzee!"

Mama alikuwa na ungo wa mchele mkononi. Aliuweka chini taratibu sana, kama umejaa maji. Akafuta mikono kwenye sketi yake ya kanisani, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akapanda ngazi. Nikamfuata. Alifungua kabati, akatoa taulo zote, akazikunja upya moja moja, pembe kwa pembe, kama za hoteli. Kisha akazirudisha, akailaza chupa katikati, akaifunika. Aliweka kiganja juu ya taulo muda kidogo. Halafu akashuka, akaendelea na mchele.

Sikuwahi kuambiwa ukweli siku moja, nikakaa chini nikaambiwa. Uliingia kama unyevu unavyoingia ukutani. Koti likaondoka nyuma ya mlango. Kina mama wa ushirika wakaanza kumwombea Mama bila kutaja ni kwa lipi. Nikawa msichana mkubwa, nikajua Brian ni nani, nikajua alizaliwa lini, na kwamba Agosti ile ya wageni wengi hotelini yeye alikuwa tayari njiani. Nilimkasirikia Baba miaka, kisha nikachoka. Mama alipanda ndege, kisha mimi, tukamwacha na kitanda kikubwa na mamake mzee. Nikijaribu kusimama pale alipokuwa yeye, naona kwamba kwake sisi ndio tuliovuka bahari, sisi ndio vijiti vilivyochukuliwa. Sijui kama nafikiri sawa. Ninapokuwa karibu kumsamehe namkumbuka Mama na ule ungo, na nashindwa tena.

Na kabati niliacha kulifungua. Nilijiambia chupa Mama ameshaitoa.

Basi leo nilipofika juu Harjit alikuwa ameishika mikononi, na taulo yenye doa jeusi begani. Kizibo kilikuwa kimesukumwa juu, karatasi ya shingoni imevimba, na ute kama asali umekauka kwenye lebo.

"Nani naweka waini hapa?" aliuliza, lakini sasa kwa upole, maana aliona uso wangu. "Hapa moto kila siku. Hii naiva, naiva, naiva mpaka nakufa."

"Tuliambiwa isipate baridi," nikasema.

Hakucheka. Alitazama ule mkao wa taulo, zilivyokunjwa, akaiweka chupa mikononi mwangu kwa mikono miwili, akarudi kwenye tangi lake.

Nilishuka nayo. Mama alikuwa ameketi mezani. Nilitaka kuitupa nje kwenye pipa, na sikutupa. Nilitoa kitambaa cha vyombo, nikakiweka mkononi. Nikamwonyesha lebo. Mama aliisoma yote, polepole, mpaka jina la bonde lenye mizabibu. Nikakata karatasi chini ya ukingo. Kizibo kilitoka chenyewe, kimelowa, bila kelele hata kidogo. Nikamimina kidogo kwenye glasi ya maji, maana glasi nyingine hatuna. Ilikuwa rangi ya kutu. Nikangoja.

Mama yangu, ambaye hajawahi kuonja pombe maishani mwake, aliinua glasi akainusa, akafumba macho. Hakuonja. Aliirudisha mezani.

"Ulijua lini?" nikamwuliza. Miaka yote hii sikuwahi.

"Ulikuja ukikimbia," alisema. "Ulikuwa unacheka sana. Ndiyo siku hiyo."

Na mimi miaka yote nilikuwa nikiamini alijua zamani na kunificha. Nilivuta kiti nikakaa.

"Mbona basi hukuimwaga?"

"Ulikuwa unaigusa kila Jumamosi. Nilikuwa nakuta taulo zimesogezwa." Akapangusa meza iliyokuwa safi. "Ningeimwaga, ningekuambia nini?"

Harjit alikuwa anagonga mabomba juu. Sikujua la kufanya na mikono yangu, nikaipiga chupa picha kwa simu, nikamtumia Baba. Tunazungumza siku za sikukuu, si zaidi. Haukupita muda akajibu kwa ujumbe wa sauti. Tuliisikiliza wote wawili, simu imelala mezani karibu na glasi.

"Neema wangu." Amezeeka, anapumua katikati ya maneno. "Si ni ile? Hamkuifungua? Mimi nilidhani mliifungua zamani." Kuku walikuwa wanalia mahali fulani nyuma yake. "Nilidhani siku nyingi mliifungua, mkanywa bila mimi. Nimekaa nikijua hivyo." Akakohoa. "Ilikuwaje?"

"Mwambie ilikuwa nzuri," Mama akasema.

Niliishika simu nikaiweka chini. Kumdanganya sitaki, na kumwambia kweli yote sina nguvu. Nilijaribu hivi na vile, nikafuta. Mwisho nikasema nilichokuwa nakisema nikiwa mdogo, kwa sababu hicho angalau ni kweli: "Ilikuwa na joto, Baba. Siku zote ilikuwa na joto."

Harjit alimaliza saa kumi. Akanawa, akanywa chai, akamwonyesha Mama vitufe vya boila mpya, akamwita Mama 'Bibi' bila kukusudia, na bibi yake akamwita 'Mama', mpaka wote wakacheka. Alipokuwa anavaa viatu akaelekeza kidole ghorofani. Tangi limeondoka, alisema, sasa kabati lile litakuwa giza na baridi, pazuri kabisa kwa kuweka waini.

Jioni tulikula githeri ya jana, ile ya mahindi na maharagwe. Mama aliipasha moto kwa kitunguu na nyanya, nikakata parachichi juu yake. Akasema chumvi imezidi. Nikasema iko sawa.